Usifunge Duka Bado

Mtu akiniambia anataka kuachana na biashara ili awe mwandishi wa riwaya, simuulizi kama ana kipaji. Namuuliza ameandika kurasa ngapi. Wengi hucheka kwanza. Halafu husema hawajaanza hasa, ila hadithi ipo kichwani, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachokosekana ni nafasi, maana duka halimpi mtu hata muda wa kunywa chai. Wakishafunga duka, ndipo wataandika.

Nawaandikia watu hao, na hasa walio Masara na vituo vya jirani. Ukitoka mjini Migori ukashika njia ya Macalder na Muhuru Bay, Masara iko kwenye njia hiyo. Ni soko la wachimba dhahabu, wakulima na wachuuzi wa omena, na ni mahali ambapo Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Msomali na Mtanzania aliyevukia Sirare huelewana bei kwa Kiswahili. Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta mahali kama hapo kwa miaka kumi ameona mengi ya kuandika. Sina shaka na hilo. Shaka yangu ni kuhusu kufunga.

Nautoa msimamo wangu mapema ili usiusubiri: usifunge duka, usiuze mizani yako ya dhahabu, wala usiachie kibanda chako cha omena, mpaka angalau uwe na mswada mmoja uliokamilika na uliosomwa na watu wasiokuogopa. Mswada uliofika nukta ya mwisho. Sura tatu nzuri na mpango wa zilizobaki havitoshi.

Utaniambia mshika mbili moja humponyoka. Wahenga walisema hivyo, lakini waandishi wetu wengi wamewakaidi na hawakuponyokwa na kitu. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alikuwa muuguzi, mtangazaji wa BBC mjini London, mwanasiasa, na kwa muda aliendesha maduka ya nguo Nairobi. Katika shughuli zote hizo aliandika *The Promised Land*, iliyotoka mwaka 1966, riwaya ya mume na mke wanaoihama Nyanza kwenda kutafuta mali Tanganyika. Safari hiyo ya kuvuka mpaka kutafuta riziki mtu wa Migori anaijua vizuri, nawe umeiona ikifanywa na wateja wako. Asenath Bole Odaga aliandika vitabu vya watoto na vya wakubwa, na papo hapo akawa mfanyabiashara wa vitabu mjini Kisumu, akiwa na duka na kampuni yake ya uchapishaji, Lake Publishers. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. *The River and the Source* ilimpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1995, na hakuacha udaktari.

Aliye karibu zaidi nawe kwa kazi ni Elvis Musiba wa Tanzania. Wasomaji wa miaka ya 1970 na 1980 wanamjua kwa mpelelezi wake Willy Gamba, aliyeanza katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, kisha *Kikosi cha Kisasi*, *Njama* na *Hofu*. Wafanyabiashara walimjua kwa jambo jingine: aliongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Mtu aliyewaweka vijana macho usiku kucha wakisoma habari za majasusi, mchana alikuwa kwenye vikao vya kodi na ushuru. Alipofariki mwaka 2010 aliombolezwa na pande zote mbili.

Je, hakuna aliyefunga biashara akafanikiwa? Wapo. Mjapani Haruki Murakami aliendesha na mkewe kilabu cha muziki wa jazi Tokyo tangu mwaka 1974. Wanaopenda kumtaja husema aliuza kilabu akawa mwandishi mashuhuri, wakaishia hapo. Wanachoruka ni mpangilio wa mambo. Kitabu chake cha kwanza alikiandika usiku baada ya kufunga kilabu, akiwa kwenye meza ya jikoni. Kilitoka mwaka 1979 na kushinda tuzo ya waandishi wapya ya jarida moja kubwa. Akaandika cha pili, bado akiuza vinywaji. Kilabu alikiuza mwaka 1981. Kwa maneno mengine, alivunja biashara akiwa tayari na vitabu viwili, tuzo moja, na mchapishaji aliyekuwa akimsubiri. Wewe una kipi kati ya hivyo?

Sasa tupige hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu na hutadanganyika kirahisi ukishaona tarakimu.

Tuseme riwaya yako inauzwa shilingi 500. Mrabaha wa kawaida hapa Kenya ni asilimia 10, yaani shilingi 50 kwa kila nakala. Mchapishaji atakata kodi ya asilimia 5 aipeleke KRA, ubaki na shilingi 47 na senti 50. Ukiuza nakala 1,000 kwa mwaka, ambayo kwa riwaya isiyo kitabu cha shule ni mauzo ya kujivunia, utapata shilingi 47,500. Gawa kwa miezi 12: haifiki 4,000 kwa mwezi. Tena hutazipata kwa mwezi; wachapishaji wengi hulipa mara moja au mbili kwa mwaka. Na ole wako kama mkataba wako unasema asilimia 10 ya pesa anazopokea mchapishaji badala ya bei iliyoandikwa kwenye jalada. Duka la vitabu likipewa punguzo la asilimia 30, mchapishaji anapokea 350, nawe fungu lako linakuwa shilingi 35 kabla ya kodi. Linganisha na faida unayoipata Masara kwenye katoni moja ya sabuni, kisha urudi kusoma.

Utaniambia vipo vitabu vilivyouzwa kwa maelfu mengi. Ndiyo, vile vya kutahiniwa. *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari. *Kidagaa Kimemwozea* ikafuata njia hiyo. Leo kuna *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege na *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Kitabu kikiteuliwa na KICD, taasisi ya mitaala, kila mtahiniwa atakihitaji, na hapo mrabaha huwa pesa za maana. Lakini uteuzi huo huja kila baada ya miaka kadhaa, na nafasi ya riwaya ya Kiswahili ni moja. Huwezi kulisha watoto kwa kutegemea nafasi moja ambayo taifa zima linaiwania. Walibora mwenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, alifundisha vyuo vikuu na kufanya kazi katika vyombo vya habari mpaka alipofariki mwaka 2020.

Tuzo nazo zipo. Kubwa kwa Kiswahili ni ile iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal-Cornell. Fungu lake zima ni dola 15,000, na inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, jambo linalomfaa mtu asiye na jina. Shiriki. Ila pesa za tuzo usiziingize kwenye bajeti kabla hazijaingia kwenye simu.

Basi swali halisi si kama biashara iondoke. Ni wapi utaiba saa ndani yake, na hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu mfanyabiashara wa Masara ana nafasi nyingi kuliko anavyokiri.

Angalia kwanza mwaka wako. Kama unauza omena, unajua kwamba upande wa Kenya uvuvi wake hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Wachuuzi wengi hutumia miezi hiyo kulalamika au kukimbilia mahindi. Nenda kwenye mahindi, lakini mahindi hayakuhitaji alfajiri ufukweni wala hayaozi ukichelewa kuyauza. Miezi minne ya saa mbili kila asubuhi inatosha nusu ya riwaya. Kama unategemea dhahabu, una majira yako pia: mvua kubwa zikija mashimo hujaa maji na watu husubiri. Unayeuza vyakula kwa wachimbaji huwa huna kazi wakati huo isipokuwa kuandika madeni. Andika na kitu kingine.

Angalia siku yako vilevile. Duka la kituoni huwa na msongamano asubuhi, watu wakienda mashimoni na shambani, na jioni wanaporudi. Kati ya saa saba na saa tisa unakaa na redio na inzi. Nunua daftari la kurasa 200, liweke chini ya kaunta, na katika muda huo andika ukurasa mmoja. Ukurasa wa mkono una maneno 200 hadi 250. Kwa siku 200 umepata maneno 40,000 na zaidi, na hiyo ni riwaya ya Kiswahili ya saizi ya kawaida. Mteja akiingia, muuzie, kisha urudi katikati ya sentensi. Usidharau kuandika vipande vipande. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha akafanya kazi katika idara nyingine za serikali, na rafu nzima ya vitabu tunayomwita kwayo mwandishi mkuu aliiandika akiwa mtu wa mshahara mwenye bosi.

Wengine siku hizi huandika kwenye simu. Sawa, mradi kila jioni ujitumie kazi yako kwa barua pepe. Simu za Masara huanguka majini, huibwa kwenye matatu na huuzwa na watoto wa shangazi. Mswada uliopotea haurudi wenyewe.

Kuhusu cha kuandika, sitakuchagulia, ila nitakuelekeza mahali pa kuanzia kutazama: daftari lako la madeni. Lifungue. Tuseme kuna mtu aliyekuwa akikopa mkate mmoja kila Jumatatu. Wiki moja ameanza kukopa mitatu, na sukari kilo nzima badala ya robo. Kuna mgeni nyumbani, au kuna mke wa pili, au kuna msiba wanaoficha. Ukurasa unaofuata, pembeni ya jina lake umeandika "shimo likitoa". Wiki nne za "shimo likitoa". Kisha mwandiko unabadilika, maana siku hiyo alikuja mtoto wake na ndiye aliyeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa za darasa la nne. Kisha jina limekatwa kwa mstari mmoja, na wewe unakumbuka kwamba hukulikata kwa sababu alilipa. Hapo una riwaya, na huna haja ya kumbuni mfalme wala jasusi.

Mikononi mwako kuna mali nyingine ambayo mwandishi wa Nairobi angeilipia. Kule Gwassi, upande wa Homa Bay, watu watakuonyesha Nyandiwa walipoishi Nyamgondho wuod Ombare na ng'ombe wake: mvuvi maskini aliyemnasa kizee kwenye mtego wake wa samaki, akatajirika kwa baraka zake, akamtukana siku alipolewa, na mali yote ikamfuata kizee ikarudi ziwani. Watoto wa Kiluo wa zamani walisimuliwa hadithi kama hiyo na bibi zao katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi. Mimi naona hakuna hekaya inayomfaa zaidi mtu anayeuza na kununua kando ya Ziwa Victoria. Mtu atakayemleta Nyamgondho katika Masara ya leo, mwenye pikipiki tatu na mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, hatakosa wasomaji.

Lakini onyo. Masara ni ndogo. Ukimwandika mteja wako kama alivyo, atajitambua, jirani yake atamtambua, na utapoteza mteja kabla hujapata msomaji; ukimpaka uovu ambao huwezi kuuthibitisha, unaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina. Badilisha jina, kazi, umri na kijiji, na uchanganye watu wawili au watatu ndani ya mhusika mmoja. Na daftari lenyewe lisitoke dukani. Watu walikukopa wakikuamini.

Kuhusu lugha, wengi huniuliza kama waandike Kiswahili, Dholuo au Kiingereza. Andika kwa lugha unayogombania bei, kwa sababu hapo ndipo sikio lako limekolea. Kama ni Kiswahili, una faida ya mpaka: kitabu kinachosomeka Migori kinasomeka Tarime na Musoma bila kufasiriwa. Ila Kiswahili cha sokoni kina mambo ambayo mhariri hatayavumilia, na ngeli ni mojawapo. Mtafute mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, au mwanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Rongo, umlipe akusahihishie. Mlipe, nasema, kazi ya bure hucheleweshwa na hufanywa kwa huruma. Mazungumzo ya wahusika wako asiyaguse sana. Mchimbaji akisema kama mwalimu, msomaji atakufa kwa kicheko.

Sasa nyumbani. Mumeo au mkeo akisikia kuhusu ndoto hii kwa mara ya kwanza siku unayouza friji ya dukani, usishangae akiita wazee. Mwambie mapema, na umwambie kwa tarakimu: karo ya Januari itatoka wapi, ya muhula wa pili na wa tatu je, mchango wa bima ya afya ya SHA, wa chama, wa mazishi ambayo kwetu hayaishi. Bajeti hiyo ipime kwa mwezi mbaya kuliko yote wa mwaka uliopita. Mwezi ambao shimo la jirani lilitoa na watu wakanunua soda kwa kreti utakudanganya. Mtu wa dhahabu ana kawaida ya kuhesabu maisha yake kwa siku nzuri. Mwandishi hawezi.

Ikiwa umekwisha kuandika, na unaona kwamba saa mbili kwa siku hazitoshi tena, basi usiruke kutoka duka hadi bila duka. Kuna hatua katikati. Mweke mtu dukani kwa nusu siku, kwa mshahara mliokubaliana, si ndugu wa kulipwa kwa chakula na ahadi. Hesabu mali kila Jumamosi jioni, mbele yake. Laini ya M-Pesa ibaki kwa jina lako na namba ya siri kichwani mwako. Akishinda miezi mitatu bila upungufu, mwongezee saa. Baadhi ya watu wamegundua katika hatua hii kwamba duka linajiendesha bila wao kuwepo muda wote, na swali la kufunga likafa lenyewe.

Ikiwa baada ya yote bado umeamua kufunga, funga kama mfanyabiashara. Kwanza, usitangaze. Siku Masara itakaposikia kwamba unaondoka, wanaokudai watakuja asubuhi na unaowadai hawatapita tena mbele ya duka lako. Kusanya madeni kimyakimya kwa miezi kadhaa, uache kukopesha taratibu, umalize na wauzaji wako wa jumla ukiwa bado unawanunulia. Ukiweza, usiuze mali kwa bei ya hasara. Mtafute anayetaka kuendeleza duka lote pamoja na wateja wake, maana wateja ndio wenye thamani kuliko rafu. Andikianeni. Nenda KRA ufunge rasmi wajibu wa biashara, la sivyo adhabu za kutowasilisha ritani zitajikusanya huku wewe ukiandika sura ya tano. Leseni ya kaunti isikupite pia.

Na usikope. Sisemi ukope kwa uangalifu. Nasema usikope kabisa ili kuandika. Mkopo wa simu una riba ya siku thelathini, na riwaya haiivi kwa siku thelathini. Pesa za chama usizichapishie kitabu. Nimewaona wenye shehena ya vitabu chini ya kitanda, panya wakila jalada, na wanachama wakidai gawio.

Hilo linanileta kwenye uchapishaji, na nitalipitia kwa haraka kwa kuwa wengi hukimbilia hapa kabla ya wakati. Wachapishaji wakubwa wa Kenya, akina Longhorn, East African Educational Publishers, Moran, Kenya Literature Bureau, wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ya mtu mpya inaweza kukaa mezani kwao mwaka mzima. Tuma, subiri, anza nyingine. Njia iliyo rahisi kidogo ni hadithi fupi: mikusanyiko ya hadithi fupi husomwa shuleni, na wahariri wake hutafuta waandishi wapya. Hadithi moja nzuri ndani ya mkusanyiko kama huo itakutambulisha kuliko mswada mzito usiofunguliwa.

Ukipewa mkataba, soma kila mstari. Uliza mrabaha ni wa bei gani, unalipwa lini, nani ana haki za filamu na za tafsiri, na haki zinakurudia lini kitabu kikiacha kuchapishwa. Yeyote anayekuomba pesa ili akuchapishie ni mtu wa kuchapa, si mchapishaji. Huenda ni mwaminifu na kazi yake ni nzuri, lakini hatari yote ya soko imebaki kwako.

Ukichagua kujichapishia, hapo biashara yako ya zamani inakuwa elimu. David Maillu alifanya hivyo Nairobi miaka ya 1970 kwa kampuni yake ya Comb Books: vitabu vyembamba, vya bei ambayo karani angeweza kutoa mfukoni bila kuwaza, vikihusu maisha ya karani huyohuyo. Vilinunuliwa kwa fujo, wakosoaji wakakasirika, Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976, na kampuni baadaye ikaanguka. Achana na kuanguka kwake kwa sasa. Angalia alivyopima mfuko wa mteja. Wewe pia umepima mifuko kwa miaka. Chukua ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki, omba bei ya uchapaji ya nakala 200, 500 na 1,000 kutoka kwa wachapaji watatu, na uchague 200. Najua 1,000 itakuwa nafuu kwa kila nakala. Umewahi kununua gunia zima la maharagwe kwa sababu hiyo hiyo. Unakumbuka yalivyoingiwa na wadudu.

Lini basi ni wakati wa kuondoka? Kwangu mimi, mambo matatu yakikutana. Kuna kitabu kilichotoka; mswada uliokamilika, niliousema mwanzoni, ni hatua ya kwanza tu. Kuna kingine kilichofika nusu, kwa sababu wapo wengi wenye kitabu kimoja ndani yao na hilo si aibu. Na kuna pesa za matumizi ya miezi 12 katika akaunti ambayo hukuifungua kwa ajili ya kuandika na ambayo hutaigusa kwa ajili ya kuchapisha. Likikosekana moja, endelea kuuza.

Na ukifika mwisho wa mwaka huu, saa zote zile za mchana zimepita na daftari la chini ya kaunta halina hata kurasa 50, usijilaumu, na wala usiuze duka ukidhani ndilo lililokuzuia. Pengine unapenda hadithi kuliko unavyopenda kuziandika. Watu wa namna hiyo ndio tunaowahitaji zaidi katika nchi hii ambapo riwaya kuuza nakala 1,000 ni sherehe. Nunua vitabu. Weka vinne vitano kwenye rafu, karibu na madaftari ya shule, uviandikie bei, na umuuzie mtoto yule anayekuja kuandika deni la baba yake.